Amelia Earhart: piloti mwenye alipanda kama abiria

Wengi wetu tunajua jina la Amelia Earhart juu ya kupotea kwake mu bahari. Leo tukae zaidi ku safari yake ya mwaka 1928.

Alizaliwa mwaka 1897 ku Atchison, Kansas, Marekani. Alianza kujifunza ndeke mwaka 1921, mwalimu wake akiwa mwanamke, Neta Snook. Lakini ndeke haikumlisha: mwaka 1928 alikuwa anasaidia familia za wageni ku Boston. Hapo wakamwita. Walitafuta mwanamke wa kwanza wa kuvuka Atlantiki kwa ndeke.

Kuvuka namna gani sasa? Ku karatasi yeye ndiye mkubwa wa safari. Usukani ulikuwa wa Wilmer Stultz, na Lou Gordon alikuwa fundi wa moteri. Stultz aliahidiwa dola 20.000, Gordon 5.000, Amelia hata senti moja.

Ku Trepassey, mu Newfoundland, hali ya hewa iliwafunga karibu wiki mbili. Stultz akawa anakunywa pombe sana. Tuone ile shida: mkubwa anaona piloti wake analewa, naye mwenyewe ni piloti, lakini hawezi kukamata fasi yake. Ile ndeke ya moteri tatu hakuizoea, na hakujifunza kuongoza kwa kuangalia vyombo tu wakati ukungu unafunika kila kitu. Tarehe 17 Juni akaamua wapande, pombe ao hapana. Ukungu ukawa karibu njia yote. Yeye akakaa nyuma, anaandika mu kitabu mambo ya safari. Usukani hakuugusa. Kisha masaa 20 na dakika 40 wakashuka Burry Port, ku Wales, mafuta imebaki kidogo.

Watu wakamshangilia yeye, Stultz na Gordon wakasahauliwa. Amelia hakufurahi, kila fasi alieleza kama kazi yote ilikuwa ya Stultz. Wenye kushuka mu mine wanaelewa: mashini ya kushusha watu inashikwa na mtu mmoja, hata kama kati ya wenye kushuka kuko fundi wa kumpita.

Kisha akajifunza yale yenye alikosa. Mwezi wa Mei 1932 akavuka peke yake, karibu masaa 15, barafu ku mabawa, chombo cha kupima urefu kimekufa.

Mwaka 1937 akataka kuzunguka dunia. Harry Manning, kapiteni wa meli, alikuwa wa radio. Fred Noonan wa kutafuta njia. Ndeke ikaharibika ku Honolulu wakati wa kuruka, Manning akarudia kazi yake. Radio ikabaki juu ya Amelia, pamoja na usukani. Kati ya wale wawili, hakuna mwenye alijua Morse muzuri. Tarehe 2 Julai wakaondoka Lae, New Guinea, kutafuta kisiwa kidogo cha Howland. Meli Itasca, yenye iliwangojea pale, ilisikia sauti yake ikieleza kama mafuta inapunguka. Watu wa meli wakamujibu na kumujibu. Sauti zao hazikumufikia.