Verhulst, mtu aliyetafuta plafo ya watu

Jirani yangu hapa Rugenge ana kijana anayesoma mwaka wa kwanza wa iniversite. Juzi alinionyesha daftari lake la kozi ya modeli za hesabu. Alisema kozi inamshinda, ni mambo ya wazungu, haoni itamsaidia nini. Mimi nilifika sekondari tu, kisha nikaingia kazi ya migodi na ya sindika. Lakini kwenye ule ukurasa niliona mstari mmoja uliopindika kama herufi S, na mstari ule naujua. Mkubwa wa kampuni moja alitutandikia grafiki ya namna ile mezani siku tulipodai nyongeza ya mshahara. Mstari unapanda, halafu unalala. Akasema: hapo ndipo plafo, hakuna kupita. Tulinyamaza, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua plafo inatoka wapi.

Basi, ndugu msomaji, tumjue mtu aliyeleta mstari ule.

Anaitwa Pierre-François Verhulst. Alizaliwa Bruxelles tarehe 28 mwezi wa 10 mwaka 1804, wakati Ubelgiji haijawa nchi bado. Katika sekondari alifundishwa hesabu na Adolphe Quetelet, mwalimu kijana aliyemzidi miaka minane tu. Mwaka 1822 Verhulst akaingia iniversite ya Gand. Akiwa angali mwanafunzi alipata tuzo mbili za hesabu, moja hapo Gand na moja Leiden, na mwaka 1825 alipewa udaktari wa hesabu kabla hajatimiza miaka 21.

Lakini mtu asidhani maisha yake yalikuwa laini. Alikuwa mtu wa kuuguauguа. Mwaka 1830 alienda Roma kutafuta nafuu, na huko akaingia siasa: alitaka Papa awape katiba watu aliowatawala. Polisi wakamwamuru aondoke. Akarudi kwao, na toka mwaka 1835 akafundisha Université Libre ya Bruxelles, baadaye shule ya kijeshi.

Wakati ule swali kubwa lilikuwa hili: watu wataongezeka mpaka wapi? Mwingereza Malthus alishaandika mwaka 1798 kwamba watu wasipozuiwa wanazidi mara mbili, mara nne, mara nane, na chakula hakiwezi kufuata mwendo huo. Quetelet naye akasema kuko nguvu inayowarudisha nyuma, na kadiri wanavyokimbia ndivyo inavyozidi. Verhulst alichukua wazo hilo la maneno, akaligeuza hesabu, halafu akaipima hesabu hiyo na namba za kweli za Ufaransa, Ubelgiji, Urusi na jimbo la Essex kule Uingereza. Aliichapisha mwaka 1838. Mwaka 1845 akaupa mstari wake jina la logistiki. Ile kazi aliyoifanya, toka neno mpaka hesabu, toka hesabu mpaka namba za kweli, ndiyo kozi inayomsumbua kijana wetu.

Hesabu yenyewe tuiweke ziwani, kwa namba za mfano. Tuseme pahali fulani pa ziwa panaweza kulisha ndagala wa vikapu 1000, si zaidi. Hiyo ndiyo plafo. Samaki wakiwa na nafasi tele wanaongezeka 20 kwa mia kila musimu, lakini nafasi ikipungua, nguvu hiyo nayo inapungua. Wakiwako vikapu 100, nafasi iliyobaki ni 90 kwa mia, kwa hiyo wanaongezeka vikapu 18. Wakiwako 500, nafasi ni nusu, wanaongezeka 50. Wakiwako 900, nafasi ni 10 kwa mia tu, wanarudi kuongezeka 18. Mavuno makubwa yako katikati. Wavuvi wakitoa 60 kila musimu, hata ukianza na 500, ziwa litaisha tu. Wale wanaobishana juu ya kufunga uvuvi, upande huu ama ule, wanabishana juu ya namba hizi, hata kama hawajui jina la Verhulst.

Sasa tufike pale alipoanguka. Ubelgiji wa wakati wake ulikuwa na watu kama milioni 4. Mwaka 1845 alihesabu kwamba hawatapita milioni 6 na laki 6. Mwaka 1847 akabadilisha wazo la kuanzia, akapata milioni 9 na laki 4. Wazo moja tu limebadilika, na plafo imepanda karibu milioni 3! Leo Wabelgiji wamepita milioni 11. Viwanda vilikuja, chakula kilitoka nje, wageni waliitwa kuchimba makaa, na mali ya migodi yetu ya Kongo nayo ilivuka bahari. Hesabu ya Verhulst haikukosea kujumlisha. Ila ilidhani mambo ya nje yatabaki vile yalivyo.

Na yeye mwenyewe hakuficha: alijua kwamba namba alizopata ni za miaka kidogo, na kwamba amechagua njia nyepesi kuliko zote. Alifariki tarehe 15 mwezi wa 2 mwaka 1849, akiwa na miaka 44. Kazi yake ikasahauliwa. Mwaka 1920 Wamarekani wawili, Pearl na Reed, wakaivumbua upya bila kujua kwamba kuko aliyewatangulia. Nao wakasema Marekani itasimama kwenye milioni 197. Leo imepita 330.

Kwa hiyo nilimwambia yule kijana asiache kozi. Ajue kuuchora mstari, lakini kabla ya mstari aandike pembeni mambo yote aliyoyakubali bila kuyapima: namba ni za miaka gani, nani alizihesabu, nini kimedhaniwa hakitabadilika. Tunahitaji watoto wa namna hiyo katika sindika, kwa wavuvi na kwa wachimbaji. Siku ile, pale mezani, bei ya madini ilikuwa inapanda, lakini grafiki ya mkubwa ilikuwa imefuata bei ya zamani. Mtoto wa mwaka wa kwanza angeliona jambo hilo. Sisi tulitia saini.