Roberto Clemente: Mgeni Asiyewasahau Wenyeji Wake

Sisi tuishio Temeke tumezoea kuupima mchezo kwa mpira wa miguu. Siku Simba na Yanga zinapokutana katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wilaya nzima hujua. Hata hivyo, katika Shule ya Sekondari Kibasila, iliyo humu humu kwetu, vijana wamejifunza pia besiboli, mchezo uliofikishwa katika shule za Dar es Salaam na Wajapani kuanzia mwaka 2012. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, mwenzake huupiga kwa rungu la mti, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Kwetu mchezo huu ungali mgeni. Katika baadhi ya visiwa vya Karibiani ndio mchezo wa mtaani na wa kijijini, na watu huufuata kiwanjani kama sisi tunavyoufuata mpira. Huko ndiko alikotoka Roberto Clemente, ambaye maisha yake tunapenda kuyasimulia, hasa safari yake moja ya kimichezo iliyomfanya asiweze kukaa kimya ndugu zake walipopatwa na msiba.

Clemente alizaliwa tarehe 18 Agosti 1934 katika mtaa wa San Antón, mji wa Carolina, kisiwani Puerto Rico. Alikuwa kitinda mimba katika familia kubwa. Baba yake, Melchor, alikuwa msimamizi wa wakata miwa. Mama yake aliitwa Luisa Walker. Nyumba yao haikuwa ya watu wenye mali, lakini ilikuwa nyumba ya kazi na adabu. Roberto alipotamani baiskeli hakununuliwa: alibeba makopo ya maziwa kwa ujira mdogo mno, akaweka akiba muda mrefu mpaka akaipata.

Akiwa kijana alikuwa akienda San Juan, kwenye uwanja wa Sixto Escobar, kutazama ligi ya majira ya baridi. Ligi hiyo iliwakusanya wachezaji wa kisiwani pamoja na wageni kutoka Marekani, weusi kwa weupe, katika timu zilezile, hata katika miaka ile ambayo ligi kuu ya Marekani iliwafungia weusi mlango. Kizuizi hicho kilianza kuvunjwa mwaka 1947. Aliyemvutia zaidi Roberto alikuwa Monte Irvin, mchezaji mweusi mwenye mkono wenye nguvu ya ajabu. Kijana yule hakujua kwamba siku moja watoto wa kisiwa chake wangekwenda uwanjani kumtazama yeye.

Mwaka 1952 alijiunga na timu ya Santurce ya huko huko nyumbani. Mwaka 1954 alisajiliwa na Dodgers wa Brooklyn, na mwishoni mwa mwaka huo akachukuliwa na Pirates wa mji wa Pittsburgh. Aliichezea timu hiyo kuanzia mwaka 1955 hadi kufa kwake, misimu 18 bila kuhama.

Marekani haikumpokea kwa mikono miwili. Wakati wa mazoezi huko Fort Myers, katika jimbo la Florida, wachezaji weusi hawakuruhusiwa kulala wala kula pamoja na wenzao weupe. Timu iliposafiri kwa basi, weupe waliingia hotelini kula, na weusi walibaki garini wakingoja kuletewa chakula. Clemente alikataa kula chakula cha namna hiyo, akawasihi wenzake nao wakikatae, mpaka uongozi ukatafuta njia nyingine ya kuwasafirisha. Baadhi ya waandishi walimwita Bob, jina ambalo hakulitaka, na walipoyanukuu maneno yake waliyaandika kwa tahajia ya kukidhihaki Kiingereza chake. Alikasirika, tena waziwazi. Lakini hakukiacha kipaji chake kiliwe na uchungu, wala hakukubali kununua amani kwa kuuficha utu wake.

Uwanjani alijibu kwa kazi. Pirates walitwaa ubingwa mwaka 1960 na tena mwaka 1971. Mara nne, miaka ya 1961, 1964, 1965 na 1967, aliongoza ligi yake kwa upigaji, na mwaka 1966 alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Katika fainali za mwaka 1971 alipata pigo halali katika michezo yote saba. Baada ya ushindi, kamera za televisheni zikiwa mbele yake, aliomba kwanza azungumze Kihispania, akawaomba baraka wazazi wake waliokuwa Puerto Rico. Tunaomba wazazi wasome tena sentensi hiyo. Mtu mwenye umri wa miaka 37, katika kilele cha sifa, alikumbuka kwanza kuomba baraka nyumbani, na kwa lugha ya nyumbani.

Tarehe 30 Septemba 1972 alifikisha pigo lake halali la 3,000. Kabla yake ni wachezaji kumi tu waliokuwa wamefika hapo. Wengi wangepumzika. Yeye, mwezi Novemba, alisafiri hadi Managua, mji mkuu wa Nicaragua, kuiongoza timu ya Puerto Rico katika mashindano ya dunia ya wachezaji wa ridhaa. Alikaa huko majuma kadhaa. Alitazama besiboli ya wenyeji, alitembea mitaani kwao na kuzungumza na maskini kwa lugha waliyoshiriki. Alikutana pia na kijana aliyepoteza miguu, akaahidi kumsaidia kupata miguu ya bandia. Alirudi kwao Desemba akiwa na sura za watu moyoni.

Majuma machache tu baadaye, tarehe 23 Desemba, tetemeko la ardhi liliibomoa Managua na kuua maelfu ya watu. Kwa wengi ilikuwa habari ya mbali. Kwa Clemente ulikuwa ni mji uliompokea. Aliongoza kamati ya misaada, na uwanja wa besiboli wa Hiram Bithorn huko San Juan ukageuka mahali pa kukusanyia chakula, nguo na dawa. Hata Noeli ilimkuta kazini.

Kisha zikafika habari chungu: sehemu ya misaada ilikuwa ikichukuliwa na askari wa utawala wa Somoza kabla ya kuwafikia wahanga. Clemente aliamua kusafiri mwenyewe, akiamini kwamba mbele yake wasingethubutu kuiba.

Ilikuwa Dominika, tarehe 31 Desemba 1972, siku ambayo Kanisa liliadhimisha Familia Takatifu. Alimwaga mkewe, Vera, waliyefunga ndoa mwaka 1964. Walikuwa na watoto watatu wa kiume, wote wadogo. Ndege ilikuwa chakavu, na shehena yake ilizidi kiwango kilichoruhusiwa. Ilipaa usiku kutoka San Juan, na muda mfupi baadaye ikaanguka baharini. Watu wote watano waliokuwamo walikufa. Rafiki yake na mchezaji mwenzake, Manny Sanguillén, alipiga mbizi pamoja na waliokuwa wakimtafuta, lakini mwili wa Clemente haukupatikana. Alikuwa na miaka 38.

Mwaka 1973 aliingizwa katika jumba la heshima la besiboli bila kungoja miaka mitano inayodaiwa na kanuni, akawa mchezaji wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini kupewa heshima hiyo. Tangu mwaka huo pia, tuzo ya ligi kuu kwa mchezaji anayewatumikia watu nje ya uwanja inaitwa kwa jina lake.

Hatumtaji hapa kama mtakatifu aliyetangazwa na Kanisa, wala hatusifu uzembe wa wale walioiruhusu ndege ile kuruka, kwa maana upendo hauondoi wajibu wa kulinda uhai. Tunachokiona kwake ni kwamba huruma yake ilianza kwa kuwafahamu watu. Alikwenda kwao kwa sababu ya mchezo, akala kwao, akawajua, na walipoumia hakuweza tena kuwaita wageni. Tena hakuridhika kwamba mchango umekwisha kutolewa. Alitaka kujua umefika mikononi mwa nani. Katika Jumuiya Ndogondogo zetu tunachangia wagonjwa, wafiwa na waliokumbwa na mafuriko. Mara nyingi tunaishia kwenye orodha ya majina na jumla ya fedha. Basi mchango ujao tuukabidhi sisi wenyewe: tubishe hodi, tuketi, tuulize hali, na tusiondoke kabla ya kuhakikisha kwamba aliyekusudiwa amepokea.