Robin Milner: Aliyeipa Theoremu Mlango Mmoja

Katika kitivo cha lugha tumezoea kusoma maisha ya waandishi, washairi na watunga kamusi. Robin Milner hakuwa mmoja wao. Alikuwa Mwingereza wa hesabu na kompyuta. Hata hivyo, lugha aliyoibuni iliitwa ML, herufi mbili zinazosimamia lugha ya kuzungumzia lugha nyingine, na dhana hiyo si ngeni kwetu. Mwalimu akieleza sarufi ya Kinande kwa Kifaransa, Kifaransa ndicho kinachozungumza na Kinande ndicho kinachozungumziwa. Milner alihitaji lugha ya namna hiyo kwa sababu alikuwa na swali gumu: tunawezaje kuamini jambo ambalo hatukuona likithibitishwa?

Alizaliwa tarehe 13 Januari 1934 huko Yealmpton, kijiji kilicho karibu na bandari ya Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika familia ya wanajeshi. Alisoma Eton kwa ufadhili, akatumikia jeshi katika kikosi cha wahandisi, kisha akasoma King's College, Cambridge, alikomaliza mwaka 1957. Huko Cambridge, mwaka 1956, alikutana kwa mara ya kwanza na kompyuta, ile iliyoitwa EDSAC. Hakuvutiwa nayo. Kuandika programu siku zile kulikuwa kupanga amri moja baada ya nyingine, na yeye aliyependa hesabu hakuona uzuri wowote katika kazi hiyo. Akaiacha, akidhani hatarudi tena.

Maisha yakamrudisha. Baada ya kufundisha shule kwa muda, mwaka 1960 aliajiriwa na kampuni ya Ferranti kama mwandishi wa programu. Mwaka 1963 alianza kufundisha katika chuo cha London ambacho baadaye kilikuja kuwa City University, na mwaka 1968 akahamia Swansea. Hakuwahi kuandika tasnifu ya udaktari. Wanafunzi wanaodhani kwamba mlango wa elimu una ufunguo mmoja tu wakumbuke jambo hilo.

Mwaka 1971 alikwenda Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na huko ndiko tatizo lake kubwa lilipoanzia. Akiifuata mantiki iliyobuniwa na Dana Scott, alitengeneza programu iliyoitwa LCF. Kazi yake ilikuwa kumsaidia mtu kujenga uthibitisho wa theoremu hatua kwa hatua, huku kompyuta ikihakikisha kwamba kila hatua inafuata sheria za mantiki. Programu ilifanya kazi, lakini ilitunza kila hatua ya kila uthibitisho. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu ndogo, hivyo uthibitisho mrefu uliijaza mashine kabla haujafika mwisho. Tena amri za programu zilikuwa zimepangwa mapema. Mtumiaji hakuweza kujiongezea zake kwa urahisi.

Mwaka 1973 Milner alihamia Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Hapo, pamoja na wenzake, akiwemo Mike Gordon na Chris Wadsworth, alipata jibu. Ili kulielewa, tufikirie diploma ya serikali. Kijana wa Butembo au Beni anayejiandikisha chuoni huleta diploma yake. Hakuna anayemwomba karatasi za majibu aliyoandika siku ya mtihani. Diploma inatosha, kwa sharti moja: isiwepo njia nyingine ya kuipata isipokuwa kufaulu mtihani. Mtu akiweza kujichapia diploma nyumbani, ile karatasi inapoteza thamani, hata kwa wale waliofaulu kweli.

Milner alifanya vivyo hivyo kwa theoremu. Aliamua kwamba mashine itupe hatua za uthibitisho na kubaki na theoremu peke yake. Lakini theoremu haikuwa maandishi ambayo yeyote angeweza kuyaandika. Ilikuwa aina ya data iliyofichwa undani wake. Mtumiaji aliweza kuishika theoremu, kuisoma na kuipitisha kutoka funksheni moja hadi nyingine, lakini hakuweza kuiunda kwa mkono wake. Njia pekee ya kupata theoremu mpya ilikuwa kupitia misingi ya mantiki na sheria zake, zilizoandikwa ndani ya sehemu ndogo ya programu. Nje ya sehemu hiyo mtu alikuwa huru kuandika amri zozote, hata zenye makosa. Kosa lingemfanya ashindwe kupata theoremu. Lisingempa theoremu ya uongo.

Hapo ndipo ML ilipozaliwa, kwa kuwa amri hizo za mtumiaji zilihitaji lugha ya kuziandikia. Ilikuwa lugha ya funksheni, ambamo programu hujengwa kwa kanuni zinazopokea kitu na kurudisha kingine, kama tulivyojifunza katika hesabu za sekondari. Lakini kufuli ni bure ikiwa ukuta una tundu. Kama lugha ingemruhusu mtu kuchukua maandishi ya kawaida na kuyatumia kana kwamba ni theoremu, ule ufichaji usingelinda kitu. Kwa hiyo Milner alitaka lugha ikague aina zote kabla programu haijaanza kukimbia. Katika makala yake ya mwaka 1978 alithibitisha kwamba programu iliyopita ukaguzi huo haiwezi kutumia kitu cha aina moja mahali pa aina nyingine. Tena mwandishi hakulazimika kutaja aina kila mahali, kwani mashine yenyewe iliweza kuzigundua. Mwaka 1979 kitabu kuhusu LCF ya Edinburgh kilichapishwa na Gordon, Milner na Wadsworth.

Faida ya wazo hili haikuishia kwenye mantiki. Tuchukue daftari la ushirika wa kahawa. Mwandishi wa programu anaunda aina iitwayo mzigo, na kuruhusu mambo matatu tu: kupokea mzigo, kuujumlisha na mwingine, na kutoa kiasi kisichozidi kilichopo. Ndani, mzigo ni namba ya kilo. Watu wa nje wakiijua namba hiyo na kuweza kuigusa, siku moja mtu ataandika kilo zilizo chini ya sifuri. Undani ukifichwa, hawezi. Na mwandishi akiamua kesho kuhesabu kwa gramu badala ya kilo, anabadilisha sehemu yake tu. Programu nyingine zote zinaendelea kama jana.

Miaka ya 1980 ML ilikuwa na lahaja kadhaa, na Milner aliongoza kazi ya kuziunganisha katika Standard ML. David MacQueen alibuni mfumo wa moduli, ambamo kila moduli huweza kutiwa sahihi inayotaja kinachoonekana nje. Fasili rasmi ya lugha hiyo ilitoka mwaka 1990, ikiandikwa na Milner, Mads Tofte na Robert Harper. Katika fasili hiyo, undani wa aina iliyotajwa katika sahihi bado uliweza kuonekana nje. Fasili iliyorekebishwa ya mwaka 1997 iliongeza sahihi inayoufunika kabisa.

Lipo pia la kulalamikia katika njia yake. Anayeuliza kwa nini theoremu fulani ni kweli hapati jibu ndani ya theoremu yenyewe, maana hatua zilishatupwa. Inabidi programu irudiwe. Ndiyo maana mifumo mingine, kama Coq ya Ufaransa, iliamua kuhifadhi uthibitisho. Kuamini na kuelewa ni mambo mawili, na Milner alitatua la kwanza. Lakini hakumwomba mtu imani ya kipofu. Sehemu inayopaswa kuaminiwa aliifanya iwe ndogo, ili mwenye shaka aweze kuisoma yote.

Kazi zake nyingine zilihusu programu nyingi zinazowasiliana kwa wakati mmoja: CCS mwaka 1980, kisha kalkulasi ya pai, aliyoichapisha mwaka 1992 pamoja na Joachim Parrow na David Walker. Hata humo kuna jina la siri, linalojulikana tu na wale waliopewa. Mwaka 1991 alipewa tuzo ya Turing, heshima ya juu kabisa katika fani hiyo, kwa ajili ya LCF, ML na CCS. Mwaka 1995 alirudi Cambridge kama profesa, na baadaye akaongoza maabara ya kompyuta ya chuo kilekile ambako kijana wa 1956 aliipa kompyuta mgongo.

Alifariki Cambridge tarehe 20 Machi 2010, akiwa na miaka 76, muda mfupi baada ya kufiwa na mkewe Lucy. Lugha kama OCaml, F# na Haskell zimerithi mengi kutoka ML, na mifumo ya HOL na Isabelle imeufuata mpango wa LCF. Mwaka 2014 HOL Light na Isabelle zilitumika kukamilisha uthibitisho wa dhana ya Kepler kuhusu kupanga mipira, swali lililotangulia kuulizwa mwaka 1611. Uthibitisho wa kwanza wa dhana hiyo ulikuwa mrefu kiasi kwamba wakaguzi wa jarida walishindwa kuuhakikisha wote. Safari hii waliotaka kuukagua hawakulazimika kufuata kila hatua. Walihitaji kujua theoremu imeandikwa nini, na kwamba imepita kwenye mlango ule mmoja.