Ndaye Mulamba, mtu wa magoli 9 aliyefanyiwa matanga angali hai

Wasomaji wetu wa Lusangi, wa Kasongo na wa Kabambare, nyinyi mnaoshinda ku mashimo, na nyinyi wamama mnaobakia ku nyumba kungojea, leo tunawaletea maisha ya mtu mmoja ambaye wazee wanamujua vizuri lakini vijana wanamutajaka tu wakati wa Kombe la Afrika, kisha wanamusahau. Ni Ndaye Mulamba. Watu wa Kinshasa walimwita Volvo. Wengine walimwita Mutumbula, jina la yule mkamata-watu wa usiku ambaye wazazi walikuwa wanaogopeshaka naye watoto wakati wa Wabelgiji. Kwa golikipa wa Misri ao wa Zambia, jina hilo lilimfaa kabisa.

Alizaliwa tarehe 4 Novemba 1948 huko Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga. Jina la Pierre alilopewa ku ubatizo aliliacha wakati Rais Mobutu alipokataza majina ya kizungu. Alianzia mupira ku ekipe za nyumbani Kananga, kisha akaenda Mbuji-Mayi kuchezea AS Bantous. Mbuji-Mayi ni mji wa almasi. Kila mtu kule, hata asiyeshika pauro, anakula ku mkono wa mchimbaji, sawa na huku kwetu anakula ku zahabu. Halafu AS Vita Club ya Kinshasa ikamuita, na pale ndipo jina lake likapanda.

Mu mwaka 1973 Vita Club ilifika ku finali ya kombe la ma-ekipe ya Afrika. Kule Kumasi, Ghana, ilipigwa na Asante Kotoko 4 kwa 2. Mtu wa kawaida angesema mambo imekwisha. Mu Desemba wakarudiana Kinshasa, Vita ikashinda 3 kwa 0, kombe likabaki kwetu. Mwezi ule ule Léopards, ekipe ya taifa, waliwafunga Maroko 3 kwa 0 wakapata tiketi ya Kombe la Dunia. Wamaroko walikasirika, wakakataa kucheza mechi ya kurudiana. Hivi Zaire ikawa nchi ya kwanza ya Afrika nyeusi kuingia mu Kombe la Dunia. Wababa zetu walisikiliza hiyo yote ku redio, na wale waliobaki wanaielezaka mpaka leo.

Lakini kazi kubwa ya Ndaye ni ile ya Machi 1974, Kombe la Afrika huko Misri. Tuihesabu polepole, kwa sababu tunasikiaka watu wanaibishania ku malewa na kila mmoja ana hesabu yake. Kwa Guinea alifunga 2, tukashinda 2 kwa 1. Kwa jirani zetu wa Brazzaville tulipigwa 2 kwa 1, yeye hakufunga. Kwa Maurice tulishinda 4 kwa 1, yeye akafunga 1. Ku nusu finali tulikutana na wenye nchi, Misri, Cairo yote ikiwa nyuma yao. Wakatangulia 2 kwa 0, na lile la kwanza tulijifunga sisi wenyewe. Dakika moja tu nyuma ya goli la pili, Ndaye akapunguza. Kidumu, kapiteni, akasawazisha. Ndaye akarudi tena, 3 kwa 2. Wenye nchi walitokea ku uwanja wao wenyewe kama watu wanaotoka ku matanga.

Finali ilikuwa na Zambia, wana wa Copperbelt, fasi ekipe nyingi zilibebwa na makampuni ya shaba. Zambia wakatangulia. Ndaye akasawazisha. Wakaongeza dakika, na ku dakika ya 117 Ndaye akafunga la pili. Watu wakaanza kushangilia. Kumbe bado: ku dakika ya mwisho kabisa Zambia wakasawazisha, 2 kwa 2. Hawakupiga penalti; walirudia mechi yote nyuma ya siku mbili. Uwanja ulikuwa karibu mtupu, kwani Wamisri hawakujali tena. Zaire 2, Zambia 0. Aliyefunga yote mawili? Munamujua.

Hesabu ni hii: 2, na 1, na 2, na 2, na 2. Magoli 9, mu mechi 6. Zaire ilikuwa imekwisha kushinda kombe hilo mara moja, mu mwaka 1968 kule Addis Ababa, kwa goli la Pierre Kalala wa TP Englebert. Kombe la 1974 ni la pili, na mpaka leo hatujapata la tatu.

Miezi mitatu nyuma yake, Léopards walikuwa Ujerumani. Walipigwa na Scotland 2 kwa 0, si haya kubwa kwa mara ya kwanza. Kisha ikaja Yugoslavia, tarehe 18 Juni 1974, huko Gelsenkirchen. Wachezaji wenyewe wameeleza mara nyingi jambo lililotokea mbele ya mechi: prima waliyoahidiwa haikufika, walisikia imeliwa njiani na wakubwa, wakataka kugoma. Mchimbaji hahitaji kufasiriwa hapo. Umeshuka, umetoa mchanga, umeosha, na siku ya kugawa unaambiwa PDG wa shimo ameshakwenda. Utarudi kushuka kesho na moyo gani?

Walishuka vile vile. Ku dakika ya 18 ilikuwa tayari 3 kwa 0. Antrenere, Vidinić, ambaye alikuwa mwana wa Yugoslavia yenyewe, akamtoa golikipa Kazadi na kuingiza Tubilandu, na mpira wa kwanza tu ukawa goli la nne. Wachezaji wakamzunguka arbitri, Delgado wa Colombia, wakilalamika. Mu fujo ile mmoja wao akampiga arbitri teke kwa nyuma. Arbitri akageuka, akatoa kadi nyekundu, akamuonyesha Ndaye.

Si Ndaye aliyempiga. Ni Mwepu Ilunga, beki, na Mwepu hakuficha. Alimuambia arbitri pale pale kama ni yeye. Arbitri hakusikia. Ndaye akatoka uwanjani ku dakika ya 22, kwa kosa la mwenzake, mbele ya dunia yote. Mechi ikaisha 9 kwa 0. Sisi tunaona hesabu hii ya ajabu: magoli 9 yaliyompa jina mu Machi, na magoli 9 yaliyoingia mu Juni, mengi yeye akiwa ameshatoka. Wazungu walicheka sana mechi ile na bado wanacheka. Wachache wanataja kwamba aliyefukuzwa hakuwa na kosa. Ku mechi ya Brazil, ile ya 3 kwa 0, Ndaye hakucheza.

Kuanzia hapo Mobutu aliuacha mupira, na wale wachezaji aliowapa nyumba na gari waliachwa vilevile. Ndaye aliendelea na Vita Club miaka mingi, bila makelele. Hatuna mengi ya kusema juu ya miaka ile.

Mu 1994 watu wa mupira wa Afrika walimkumbuka. Walimuita Tunisia, ku Kombe la Afrika, kumpa heshima kwa ajili ya magoli yake. Alirudi Kinshasa na medali. Lakini ku mtaa ilitembea habari kwamba amerudi na feza nyingi. Watu wenye silaha wakaingia kwake, wakadai feza isiyokuwako. Walimpiga risasi ku mguu, wakamtupa toka juu ya daraja. Mtoto wake aliuawa. Yeye akapona. Mtu mmoja wa roho nzuri akamuweka kwake miezi mingi mpaka akaweza kutembea, kisha Ndaye akakimbilia Afrika ya Kusini kama mkimbizi yeyote. Alifika Johannesburg, halafu Cape Town, akaishi mu mitaa ya wamaskini, kazi ya kudumu hakuna, pombe ikamshika kwa muda. Waliokaa naye hawakujua ni nani.

Na hapo ndipo jambo lile. Mu 1998, Kombe la Afrika likiwa Burkina Faso, habari ikafika kwamba Ndaye Mulamba amekufa: shimo la almasi limemuangukia huko Angola. Kila mtu aliamini, na sisi tunaelewa sababu. Miaka ile vijana wa Kasai na wa Bandundu walikuwa wanakwenda kwa maelfu kuchimba Lunda. Ndio wale walioitwa Bana Lunda, na wengi hawakurudi. Kwa mtu wa Kananga aliyepotea bila barua, shimo la Angola lilikuwa jibu jepesi. Mbele ya mechi walisimama, wakanyamaza dakika moja kwa ajili yake. Huku kwetu pia tumeona familia zinakaa matanga bila maiti, juu ya mtu tu aliyesema shimo limeanguka na fulani alikuwa ndani.

Ndaye alikuwa Cape Town, anapumua. Nyuma ya miaka watu wa habari walimpata, akaanza kujulikana tena kule kule ugenini. Alikuwa anafundisha mupira vijana wa mtaa, ma-ekipe yasiyo na jina, wengi wao bila viatu vya kuchezea. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70, na safari hii habari ilikuwa ya kweli.

Siku zake Kombe la Afrika lilikuwa na nchi 8. Sasa ziko 24, na anayefika mwisho anacheza mechi 7, moja zaidi ya zile za Ndaye. Mu 2022, huko Kameruni, Vincent Aboubakar alimkaribia kuliko wote. Aliishia ku goli la 8.