Sare ya Kimathi
Kwetu Molo, penye baridi kali, nguo nzito si pambo. Baridi hiyo hunikumbusha Dedan Kimathi, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1920. Maafisa wa Uingereza wa zama zake walishonesha sare kwa mafundi, wakapewa posho ya kuzilipia. Kimathi, Jemadari Mkuu wa wapiganaji wa Mau Mau, hakuwa na posho. Nguo zilipochakaa msituni Nyandarua, yeye na wenzake walijishonea ngozi za wanyama. Alikamatwa Oktoba 1956 akiwa na koti la ngozi ya chui, akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Mwaka 2007 alisimamishiwa sanamu Nairobi. Hata hivyo, mjane wake, Mukami, alifariki mwaka 2023 bila kuzika mabaki ya mumewe. Deni hilo ni letu.