Grace Hopper, mwalimu wa hesabu aliyewinda makosa ya kompyuta

Kijana anayejifunza kuandika programu za kompyuta, awe Goma, Bukavu ama Lubumbashi, anakutana na maonyo kila siku. Mstari mwekundu chini ya neno ni kosa: kompyuta inakataa kuendelea. Mstari wa njano ni onyo: programu itatembea, lakini kuna jambo la kutilia shaka, kwa mfano jina lililoundwa ambalo halitumiwi popote, ama hesabu ambayo jibu lake linatupwa bila kusomwa. Kijana anaweza kurekebisha, kuliacha lilivyo, ama kubadilisha mpangilio wa chombo chake ili onyo hilo lisionekane tena.

Kompyuta za kwanza hazikuwa na uwezo huo. Mmoja wa waliofungua njia ni Mmarekani Grace Hopper, mwalimu wa hesabu aliyepanda hadi cheo cha amirali, na aliyefariki tarehe 1 Januari 1992 akiwa na miaka 85.

Kutoka darasani hadi jeshini

Grace Brewster Murray alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa na miaka 7 alifungua saa ya mezani ili aone inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuirudisha alifungua nyingine, na nyingine tena, hadi mama yake alipokuta saa 7 zimetawanyika. Tangu siku hiyo aliruhusiwa kuchezea moja tu.

Alisoma hesabu na fizikia katika chuo cha Vassar, akamaliza mwaka wa 1928, kisha akapata udaktari wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 1934, jambo ambalo wanawake wachache sana walilifikia wakati huo. Mwaka wa 1930 aliolewa na Vincent Foster Hopper. Waliachana mwaka wa 1945, lakini jina Hopper alilibeba hadi kifo.

Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, aliomba kujiunga na jeshi la majini, ambamo babu wa mzazi wake alikuwa amirali. Alikataliwa: umri wake ulionekana kuwa mkubwa, na uzito wake ulipungua kwa kilo 7 hivi chini ya kiwango. Hakukata tamaa. Desemba 1943 alipewa ruhusa ya pekee, na mwaka uliofuata alimaliza mafunzo ya maofisa akiwa wa kwanza katika kundi lake.

Mashini ya mita 15

Jeshi lilimpeleka Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye mashini ya hesabu iliyoitwa Mark I, chini ya Howard Aiken. Ilikuwa na urefu wa mita 15 na ilisoma maagizo kutoka utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Tundu moja likikosewa, jibu linaharibika, na mashini haisemi kitu. Makosa yaligunduliwa pale tu matokeo yalipotoka yakiwa hayaeleweki, kama yaligunduliwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya vita. Mwaka wa 1944 mtaalamu John von Neumann alileta hesabu ambazo timu ilizipitisha bila kuambiwa ni za nini. Baadaye ilijulikana kwamba zilihusu bomu la atomiki, la aina ile iliyoangushwa Nagasaki mwaka wa 1945. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, hapa kwetu Katanga.

Kwa Mark I, Hopper aliandika kitabu cha maelezo cha kurasa zaidi ya 500. Tarehe 9 Septemba 1947, ndani ya mashini iliyofuata, Mark II, mafundi walimkuta nondo amekwama na kuzuia umeme kupita. Walimbandika kwenye daftari la kazi, ambalo leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Watu wengi husema ni Hopper aliyemkuta mdudu huyo na kuyapa makosa ya mashini jina la mdudu. Hiyo si kweli: mafundi wa umeme walilitumia neno hilo tangu karne ya 19. Yeye alichofanya ni kukisimulia kisa hicho mara nyingi, hadi kikajulikana duniani.

Mashini inayosoma programu

Huko Harvard Hopper aligundua jambo dogo lenye uzito. Yeye na wenzake walikuwa na madaftari yenye vipande vya programu vilivyokwisha kuhakikiwa. Mtu akihitaji kipande, alikinakili kwa mkono kutoka daftari la mwenzake, kisha akajumlisha namba ili kila agizo likae mahali pake papya. Kipande kilichokuwa sahihi kilifika kimeharibika, kwa sababu binadamu ananakili vibaya na kujumlisha vibaya.

Mwaka wa 1949 alijiunga na kampuni ya Eckert na Mauchly huko Philadelphia, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Hapo alitengeneza programu iliyoitwa A-0. Kila kipande kilipewa namba na kuhifadhiwa kwenye utepe wa sumaku. Mwandishi alitaja namba anazozitaka, kompyuta ikavitafuta vipande, ikavipanga na kurekebisha mahali pa kila agizo. Mwezi Mei 1952 aliielezea kazi hiyo mbele ya wataalamu mjini Pittsburgh. Wengi hawakuamini. Walifikiri kompyuta inajua kujumlisha tu, haiwezi kuandika programu.

Programu ya namna hiyo inaitwa kompaila, na ndiyo iliyofungua mlango wa maonyo ya leo. Programu inapopitiwa na programu nyingine kabla ya kutumika, ile inayosoma inaweza pia kueleza kilichoitia shaka.

Hopper aliendelea. Alitaka wafanyakazi wa ofisi waandike maagizo kwa maneno ya kawaida, si kwa alama za wanahesabu. Ili kuwashawishi wakubwa wake, timu yake iliwaonyesha programu ileile fupi kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Wakubwa walishtuka: kompyuta ya Marekani, iliyotengenezwa Philadelphia, itajuaje Kifaransa? Hawakuelewa kwamba kwa mashini maneno ya lugha zote ni alama tu. Kiingereza pekee ndicho kilichobaki, na kazi hiyo ikazaa lugha ya FLOW-MATIC, iliyokuwa msingi mkubwa wa COBOL, lugha ya kompyuta iliyoanza kupangwa mwaka wa 1959 na ambayo bado inatumika katika mabenki mengi.

Vipimo kwa kila muuzaji

Mwisho wa mwaka wa 1966 jeshi lilimstaafisha. Mwezi Agosti 1967 lilimwita tena, kwa miezi 6. Miezi hiyo iligeuka miaka karibu 20.

Shida ilikuwa COBOL yenyewe. Kila kampuni iliuza kompaila yake, na kila moja ilikuwa na tabia zake. Programu iliyokubaliwa kwenye kompyuta moja ilikataliwa kwenye nyingine, ama ilitoa jibu tofauti. Hopper na kundi lake waliandika programu za vipimo, wakazipitisha kwenye kompaila za wauzaji ili kuona nani anafuata kanuni zilizopitishwa mwaka wa 1968. Kwa kuwa jeshi lilikuwa mnunuzi mkubwa, kampuni zililazimika kusikiliza. Hivyo mwandishi wa programu hakukaguliwa peke yake. Chombo kinachosoma kazi yake nacho kilikaguliwa.

Mwaka wa 1978, katika maabara za Bell, Stephen Johnson aliandika chombo kilichosoma programu za lugha ya C kwa ukali kuliko kompaila. Alikiita lint, neno la Kiingereza la vinyuzi vinavyoshika kwenye nguo. Kikaleta tatizo jipya: maonyo yalikuwa mengi, na mengine hayakuwa na maana. Kwa hiyo kilimruhusu mwandishi kuweka alama mahali fulani, kumaanisha kwamba hapo amepaona na anajua anachofanya. Vyombo vya leo vinafuata njia hiyohiyo: onyo linaweza kupandishwa liwe kosa, kushushwa, ama kuzimwa.

Hatari ya kuzima ulinzi ilionekana miaka 4 baada ya kifo cha Hopper. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guyane ya Ufaransa, ikaharibika sekunde 40 hivi baadaye. Uchunguzi ulikuta namba kubwa iliyolazimishwa kuingia katika nafasi ndogo. Namba 7 zilikuwa katika hatari hiyo; 4 ziliwekewa ulinzi, 3 ziliachwa ili kupunguza mzigo wa kompyuta. Uamuzi huo ulifaa kwa Ariane 4, kisha programu ikahamishiwa kwenye roketi yenye nguvu zaidi bila uamuzi kuangaliwa upya.

Saa inayorudi nyuma

Katika ofisi yake Hopper alitundika saa ambayo mishale yake ilizunguka kinyume. Mgeni alishangaa, kisha akagundua kwamba inaonyesha wakati sawasawa kama nyingine. Hopper aliitumia kuwafundisha vijana wasishikilie jambo kwa sababu tu wamelikuta. Kundi linalorithi programu yenye maonyo yaliyozimwa, bila kujua nani aliyazima na kwa nini, lina kazi ya kuanzia hapo: kuyawasha moja moja na kuuliza sababu.

Alistaafu tarehe 14 Agosti 1986 akiwa amirali wa miaka 79, katika sherehe kwenye meli ya kale USS Constitution mjini Boston. Baadaye alifanya kazi ya ushauri katika kampuni ya Digital hadi kifo chake. Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Meli ya vita iliyoitwa kwa jina lake ilianza kazi mwaka wa 1997, na mwaka wa 2016 rais Barack Obama alimtunuku Medali ya Uhuru, miaka 24 baada ya kufariki.