Shaaban Robert na haki ya kuchapa: nani mwenye hadithi?

Ukimuuzia mtu hadithi yako fupi, umeuza nini hasa? Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa vijana wa Ruaha Mbuyuni wanaoandika kwenye madaftari na kwenye simu. Leo tunalitazama kupitia maisha ya Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, Machui, karibu na Tanga, akasoma Msimbazi, Dar es Salaam, kuanzia 1922 hadi 1926. Baada ya hapo alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30. Alianzia forodha, kisha idara ya wanyama, kazi iliyomfikisha Mpwapwa, ng'ambo ya Mto Ruaha kutoka kwetu, halafu ofisi ya jimbo Tanga na upimaji ardhi. Msikilizaji, shika hilo la ukarani. Huyu tunayemsifu kuliko waandishi wote wa Kiswahili alikuwa anakula mshahara wa ofisi.

Vitabu vyake vilichapwa mbali. Kusadikika kilitoka mwaka 1951 kwa Nelson na Adili na Nduguze mwaka 1952 kwa Macmillan, wote wa Uingereza. Vingine vilitoka Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Mwandishi yuko Tanga. Anayepanga bei, idadi ya nakala na lini kitabu kichapwe tena yuko ng'ambo ya bahari.

Hapo ndipo penye haki ya kuchapa. Sisi wa huku tunaielewa kwa mashamba ya vitunguu. Kumkodisha mtu shamba msimu mmoja si sawa na kumuuzia shamba. Hadithi nayo ni hivyo hivyo: unaweza kumruhusu mwenye gazeti aichape mara moja tu, ukabaki nayo uiweke kitabuni au uilete redioni. Ukitia sahihi kwamba umeuza haki zote, basi shamba limekwenda, hata hadithi ikija kuwa filamu. Someni mkataba kabla ya kupokea hela, jamani.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Shaaban Robert alianzisha kampuni yake ya kuchapisha hapo Tanga, akaiita Art and Literature. Ilikuwa hatua ya ujasiri kwa mtu wa mshahara, maana mchapishaji ndiye anayebeba gharama za karatasi, kiwanda na kusafirisha, na vitabu visipouzwa hasara ni yake.

Alifariki Juni 1962, akaacha miswada. Kufikirika, Utubora Mkulima na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilitoka yeye akiwa kaburini. Haki ya mwandishi haifi naye, inarithiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iliweka miaka 50 baada ya kifo.

Kuna na barua. Kwa miaka mingi alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, naye akazitunza. Kwa sheria, aliyepokea barua ana karatasi, lakini haki ya kuyachapa maneno ni ya aliyeandika na warithi wake. Barua hizo, za 1931 hadi 1958, zilitolewa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo chake, bado ndani ya ile 50.